Ghorofa juu ya duka la jumla: nianzie wapi?

SWALI

Mhandisi, habari za kazi. Ninaendesha duka la jumla la mchele, unga na sukari mjini Morogoro. Jengo lilijengwa mwaka 2009 kama nyumba ya familia, la chini tu, kwa tofali za saruji za inchi 6. Mwaka 2016 tulibomoa kuta mbili za mbele ili tupate ukumbi wa duka, na fundi akasimamisha nguzo nne na kupitisha linta juu yake. Sasa biashara imekua na mzigo hautoshi ndani, kwa hiyo nataka kuongeza ghorofa moja ambayo itakuwa stoo na ofisi. Fundi wangu anasema nguzo zina nondo za milimita 12 na jengo litabeba bila shida. Nusu ya fedha ninayo, nusu nitakopa benki. Siwezi kufunga duka, kwa sababu wateja wangu watahamia kwa wengine. Nyuma bado nina uwanja mtupu. Juu ya mlango mkubwa kuna ufa mdogo, ambao fundi anasema ni wa lipu tu. Nipange vipi kazi hii?

Msomaji, Morogoro

JIBU

Ndugu msomaji, nakushukuru kwa kueleza historia ya jengo lako, maana sehemu kubwa ya jibu imo humo. Kabla ya kuchora ramani, na kabla ya kusaini mkataba wowote na benki, unahitaji kujua kwa hakika jengo hilo linaweza kubeba nini. Kwa maelezo uliyonipa, nina shaka kubwa kwamba litaweza kubeba stoo ya nafaka juu yake, na nitakueleza kwa nini.

Nyumba ya kuishi na ghala ni vitu viwili tofauti kabisa machoni pa mhandisi, hata kama kuta zake zinafanana. Katika viwango vya Uingereza, ambavyo wahandisi wetu wengi wamevitumia kwa miaka mingi, sakafu ya chumba cha kuishi hukadiriwa kubeba takriban kilo 150 kwa kila mita ya mraba, sakafu ya ofisi takriban kilo 250, na ya duka takriban kilo 400. Ghala hukadiriwa kwa kimo cha mzigo: takriban kilo 240 kwa mita ya mraba kwa kila mita moja ya kwenda juu, na hicho ni kiwango cha chini, kwa kuwa mzigo mzito huhesabiwa kwa uzito wake halisi. Sasa chukua mifuko yako ya sukari ya kilo 50. Ukiipanga kumi kwenda juu, chini inakalia eneo lisilozidi nusu ya mita ya mraba, na uzito wake ni kilo 500. Hiyo ni tani moja au zaidi kwa mita ya mraba, yaani zaidi ya mara sita ya kile ambacho sakafu ya nyumba ya familia hutarajiwa kubeba. Na hapo hatujahesabu slabu yenyewe, ambayo ikiwa na unene wa milimita 150 ina kilo 360 hivi kwa mita ya mraba, wala kuta za juu: ukuta wa tofali za inchi 6 uliopigwa lipu pande zote mbili, wenye kimo cha mita 3, unakaribia tani moja kwa kila mita ya urefu. Uzito wote huo utateremka kwenye nguzo nne za mwaka 2016 na kwenye msingi wa mwaka 2009, ambao ulichimbwa kwa ajili ya kubeba kenchi na mabati.

Fundi wako huenda anasema kweli kuhusu nondo za milimita 12. Hata hivyo, nondo peke yake haielezi uwezo wa nguzo. Mhandisi atataka kujua nondo ziko ngapi, ringi zimefungwa kwa umbali gani, zege lilichanganywa kwa uwiano gani na lilimwagiliwa maji kwa siku ngapi, na zaidi ya yote, chini ya kila nguzo kuna nini. Katika kazi zangu za ukaguzi nimefukua zaidi ya mara moja nguzo za mbele za maduka zilizoongezwa baadaye, nikakuta zimesimamishwa juu ya sakafu ya zamani, bila kitako chochote, yaani zege pana la chini linalosambaza uzito wa nguzo ardhini. Kwa nje zilikuwa zimenyooka na kupakwa rangi vizuri. Ndiyo sababu ninasisitiza uchunguzi ufanyike kwanza, kwa kuwa macho ya mtu yeyote, hata ya fundi mwenye uzoefu na nia njema, hayaoni kilichofukiwa.

Uchunguzi wenyewe si mkubwa. Mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi atachimba mashimo mawili au matatu pembeni mwa msingi, moja baada ya jingine, ili aone upana wake, kina chake na aina ya udongo ulio chini yake. Atatumia kifaa cha kutambua nondo ndani ya zege bila kulivunja, atapima ugumu wa zege kwa nyundo ya Schmidt, na pale atakapokuwa na shaka atakata vipande vya zege na kuvipeleka maabara. Duka linaweza kuendelea kufanya kazi wakati haya yote yanafanyika. Gharama yake ni ndogo sana ukiilinganisha na slabu moja, na ripoti utakayopewa ndiyo itakayomwongoza msanifu kuchora kitu kinachojengeka.

Ikiwa ripoti itathibitisha shaka yangu, bado una njia. Ninayoipendelea kwa biashara ya aina yako ni kuuacha mzigo mzito chini. Kwa kuwa una uwanja nyuma, jenga ghala la fremu ya chuma lenye paa la mabati na sakafu ya zege iliyolazwa moja kwa moja juu ya kifusi kilichoshindiliwa vizuri. Ardhi itabeba sukari yako kwa gharama nafuu kuliko nguzo yoyote, na wabebaji wako hawatapanda ngazi na mifuko mabegani siku nzima. Chumba cha duka kitakachobaki wazi kigeuze kuwa sehemu ya mauzo na ofisi. Wafanyabiashara wengi huwaza ghorofa kwa sababu jirani amejenga ghorofa, ilhali hesabu ya stoo ya nafaka karibu kila mara inaelekeza chini.

Ikiwa uwanja hautoshi, basi ghorofa ijengwe juu ya fremu yake yenyewe: nguzo mpya zenye vitako vyake, zilizotenganishwa na kuta za zamani kwa nafasi ndogo, ili jengo jipya likishuka kidogo, kama majengo mapya yanavyofanya, lisilivute la zamani. Kuzivika nguzo za zamani koti la zege na nondo mpya kunawezekana pia, lakini hakuna maana ikiwa kitako cha chini hakijapanuliwa, na kupanua kitako chini ya jengo linalotumika ni kazi ya hatari.

Hapa naomba unisikilize kwa makini. Usiruhusu mtu yeyote achimbe mtaro mrefu kando ya msingi wako huku wateja wakiwa ndani. Udongo wa pembeni ndio unaoukumbatia msingi, na ukiondolewa kwa urefu wote mara moja, ukuta unaweza kuteleza bila kutoa ishara. Kazi hiyo hufanywa kwa vipande vifupi vinavyopishana, kila kimoja kikijazwa zege na kukomaa kabla ya kingine kufunguliwa, na watu wakiwa wameondolewa upande huo. Wengi wetu tunaikumbuka asubuhi ya Jumamosi, Novemba 16, 2024, pale Kariakoo, jengo la ghorofa lilipoporomoka likiwa na wafanyabiashara na wateja ndani, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Walikuwa watu walioingia kazini kama siku nyingine zote.

Kuhusu vibali nitasema kwa ufupi. Anza kwa kuangalia hati yako ya kiwanja: ikiwa matumizi yaliyoandikwa ni makazi, omba kubadili matumizi katika idara ya mipango miji ya halmashauri mapema, kwa kuwa kibali cha ujenzi wa jengo la biashara kitasubiri hilo. Michoro iandaliwe na msanifu na mhandisi waliosajiliwa, ipitiwe pia na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na kazi ifanywe na mkandarasi ambaye daraja lake katika Bodi ya Usajili wa Makandarasi linaruhusu ukubwa wa mradi wako. Fundi wako wa siku zote anaweza kufanya kazi chini ya mkandarasi huyo, na mara nyingi huwa msaada mkubwa kwa sababu anajua mabomba na nyaya zilikopita.

Suala la kutofunga duka linategemea kalenda. Morogoro mvua kubwa hunyesha Machi hadi Mei, na kazi yoyote inayofungua paa au kuchimba msingi ipangwe kuanzia Juni hadi Septemba. Kaa na daftari lako la mauzo la miaka miwili iliyopita, uweke alama kwenye wiki ambazo huwezi kuvumilia usumbufu, kama vile Ramadhani na siku za kuelekea sikukuu za mwisho wa mwaka, kisha umpe mkandarasi kalenda hiyo kabla hajatoa bei yake. Ukimpa baadaye atakudai nyongeza, na atakuwa na haki. Jenga ghala la nyuma kwanza mpaka likamilike, hamishia mzigo humo, ndipo uguse jengo la mbele, nusu kwa nusu, huku pazia zito la turubai au ukuta wa mbao ukitenganisha vumbi na chakula. Malori ya kokoto na ya mchele yasitumie lango moja kwa saa zilezile. Ikiwa kutakuwa na kumwaga slabu juu ya sehemu ya duka, sehemu hiyo ifungwe kabisa, na mirunda inayoishikilia slabu kwa chini isiguswe mpaka mhandisi aruhusu kwa maandishi. Mafundi huwa na haraka ya kuitoa ili waitumie kwingine, ilhali nguvu ya zege hupimwa likitimiza siku 28.

Upande wa fedha, nakuomba usiingize mtaji wa mzunguko kwenye kuta. Nimeona duka lililokamilika kwa uzuri likikaa na rafu tupu kwa miezi, kwa sababu fedha ya kununulia mzigo ilikwisha kwenye vigae. Ajiri mkadiriaji majenzi aandae orodha ya kazi zote na vipimo vyake, ambayo mafundi huiita BOQ, ili wakandarasi watatu wakupe bei juu ya kazi ileile. Kwa jengo jipya la nyuma tenga asilimia 10 ya dharura, lakini kwa ukarabati wa jengo la zamani mimi hutenga si chini ya asilimia 15, kwa kuwa kila ukuta unaobomolewa hufichua jambo. Lipa kwa kazi iliyopimwa na kuthibitishwa na mhandisi, kamwe si kwa siku zilizopita, na ubakize sehemu ya malipo hadi kipindi cha matazamio, yaani muda wa kuangalia kasoro baada ya kazi kukabidhiwa, kiishe na kasoro hizo zirekebishwe. Ukiongea na benki, omba marejesho yaanze baada ya ghala kuanza kutumika, hata kama itabidi ukope kwa awamu mbili.

Nimalizie na ufa ulio juu ya mlango, jambo ambalo lingetakiwa kushughulikiwa wiki hii, kabla ya yote niliyoeleza. Uko mahali ambapo ukuta uliobomolewa mwaka 2016 ulikuwa ukibeba, kwa hiyo usiukubali kuwa ni wa lipu mpaka ipatikane sababu ya kuamini hivyo. Bandua lipu kidogo pande zote mbili uone kama umeingia kwenye tofali au kwenye linta. Chora mistari miwili midogo ya penseli kwenye ncha zake, andika tarehe, pima upana wake kwa rula na upige picha, kisha urudie kila Jumatatu. Ukibaki ulivyo kwa wiki sita, mhandisi ataupima pamoja na mengine. Ukirefuka, ukipanuka, au mlango ukianza kukwama, ondoa watu na mzigo ulio karibu na linta hiyo na umwite mhandisi siku hiyohiyo.