Kabla ya kupangisha nyumba ya barabarani kuwa ofisi

Kama familia yenu ina nyumba Dar es Salaam, kando ya Barabara ya Mwai Kibaki, Ali Hassan Mwinyi au nyingine iliyoelemewa na magari, bila shaka dalali ameshapiga hodi. Ana mpangaji: mawakili, wahasibu, kliniki ya meno. Kodi anayotaja inatosha kuwafanya muanze kuulizia nyumba Goba, pembezoni mwa jiji, jioni hiyo hiyo.

Mimi siyapingi mabadiliko haya. Nyumba yetu ya familia Mikocheni ilishakuwa ngumu kuishi: vumbi kwenye mapazia, honi mpaka usiku wa manane, watoto hawathubutu kuvuka kwenda dukani. Ofisi inayofungwa saa kumi na moja jioni inafaa pale kuliko mama mwenye mtoto mchanga. Ila badilisheni matumizi ya ardhi kwanza, mpangaji baadaye. Na mkiomba, ombeni ofisi. Ukiomba biashara bila kufafanua, mpangaji wa leo ni mhasibu, wa kesho atafungua baa, na majirani watakuja kwako, si kwake.

Itoeni hati ya kiwanja kabatini muisome yote. Wengi tunaangalia jina na ukubwa wa kiwanja basi, wakati sharti la matumizi limeandikwa humo humo. Kama ni makazi, kuweka ofisi bila idhini ni kuvunja sharti la umiliki, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inaruhusu hatua zinazoweza kufika hadi hati kufutwa. Maombi huanzia halmashauri, kwa maafisa mipango miji, na majirani hupewa nafasi ya kuweka pingamizi. Kodi ya pango la ardhi nayo itapanda, maana kiwango hufuata matumizi. Iingizeni kwenye hesabu kabla hamjakubaliana bei na mpangaji.

Halafu chukueni futi kamba. Tangu Sheria ya Barabara ya 2007, hifadhi ya barabara kuu na za mkoa, yaani eneo lililotengwa kwa ajili ya barabara yenyewe, ni mita 30 kila upande kutoka katikati, badala ya 22.5 za zamani. Nimeona familia zikimwahidi mpangaji maegesho mbele ya fensi, mahali ambapo siku yoyote inaweza kuchorwa X ya kubomolewa. Chochote mtakachojenga mle baada ya sheria hiyo msikihesabie fidia.

Lakini panapoharibika zaidi ni nyuma, kwenye mtaa wa ndani. Simama pale Jumatatu asubuhi ujionee: magari ya wateja yamebana njia pande zote mbili, bibi wa nyumba ya pili anashindwa kutoka getini kwenda kliniki, na jenereta limewekwa kwenye ukuta ambao upande wake wa pili kuna chumba cha kulala. Choo je? Shimo lililochimbwa kwa familia moja sasa linatumiwa na wafanyakazi na wateja kutwa nzima. Likifurika, maji yanateremka kwa jirani, na gari la majitaka likija linaziba njia iliyokwisha bana. Kwa mambo haya pingamizi la majirani ni la haki kabisa, na linaumiza zaidi likitoka kwa watu waliokulea.

Sisi tulikwenda kwa majirani wa nyuma kabla fomu haijapelekwa popote. Tulikaa barazani kwao tukawauliza wanachoogopa, tukayaandika: magari yote ndani ya fensi, geti la nyuma lisitumike, jenereta lihamie upande wa barabara, shimo lipanuliwe kabla mpangaji hajaingia, mwembe wa mpakani usikatwe. Yote yaliingia kwenye mkataba wa pango, na mpangaji aliyeyakataa tulimwacha aende zake.

Ningependa pia serikali za mitaa ziitishe mkutano wa wenye nyumba wa mstari mzima wa barabara na kuiomba halmashauri ipange kwa pamoja. Kiwanja kimoja kimoja kinatuletea ofisi, gereji, ofisi, ukumbi wa harusi, kila mmoja na mlango wake wa kuingilia barabarani. Mkipanga pamoja, nyumba tatu nne zinaweza kushirikiana njia moja ya magari, na mitaa ya nyuma ikabaki ya makazi.

Mkataba usainiwe mbele ya wakili wenu, si wa mpangaji. Mwelewane mapema kuhusu kodi ya zuio ya asilimia 10 ya pango, ambayo kampuni iliyopanga inapaswa kuikata na kuipeleka Mamlaka ya Mapato (TRA), ili isije ikaonekana mmepunjwa. Na kama hati bado ina jina la marehemu baba, nendeni kwanza mahakamani ateuliwe msimamizi wa mirathi, kisha umiliki uhamishwe, ndipo mzungumzie ofisi.