Re: Betri ya APU ya 787, walibadilisha betri tu?

Hapana ndugu, kwenye marekebisho ya ndege hii ya Boeing 787 betri ilikuwa sehemu ndogo tu. Tarehe 7 Januari 2013, pale Boston, abiria wa Japan Airlines walishashuka ndipo wasafishaji wakaona moshi ndani ya ndege. Ilikuwa betri ya lithiamu ya kuwashia APU, ile injini ndogo ya mkiani. Seli moja kati ya nane ilipata shoti kwa ndani, joto likaambukiza zingine. Siku tisa baadaye betri kuu ya 787 ya ANA (shirika jingine la ndege la Japani) nayo ikaharibika hewani, na 787 zote zikasimamishwa.

Aprili FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ikaagiza: hakuna kuruka bila marekebisho. Seli zikaongezewa vihami (vizuizi vya joto na umeme), chaja ikapunguziwa kiwango cha juu cha kuchaji, na betri ikafungiwa kwenye kasha la chuma cha pua lenye bomba la kutoa gesi nje ya ndege. Kwangu mimi kasha ndilo jambo kubwa: Boeing walikubali seli inaweza kufa tena, wakahakikisha inafia ndani ya sanduku.

Safari ya kwanza ya abiria baada ya hapo? Ethiopian, Addis Ababa kwenda Nairobi, 27 Aprili 2013.