Mteremko wa mstari unaopita (−2, 5) na (4, −7)
Ndugu, umeuliza kwa nini umepata −6 ilhali kitabu kinasema −2. Mteremko ni badiliko la y gawanya kwa badiliko la x. Kiasi cha sehemu yako (namba ya juu), yaani badiliko la y, ni sahihi: −7 − 5 = −12. Kosa liko kwenye asili (namba ya chini), yaani badiliko la x, ambapo umeandika 4 − 2 badala ya 4 − (−2), ambayo ni 6; hivyo mteremko ni −12 ÷ 6 = −2. Mabano hayo nakusihi usiyaache kamwe, kwani ndiyo yanayoilinda alama ya hasi. Unaweza kuanza na nukta yoyote, mradi uanze na ileile juu na chini. Lakini thamani za x zikilingana, mstari ni wima na mteremko wake haupatikani, kwa kuwa hatuwezi kugawanya kwa sifuri.