Barkley na milioni 41.2: Eagles wamezidisha?

Tangu Eagles wa Philadelphia wamwongezee mkataba Saquon Barkley mwezi Machi 2025, miaka miwili kwa dola milioni 41.2, maswali hayaishi. Nimechagua matano. Kwa wasiofuatilia futiboli ya Kimarekani: Barkley ni mkimbiaji, yule anayekabidhiwa mpira nyuma ya mstari na kupenya nao katikati ya watu. Kabla yake hakuna mkimbiaji aliyewahi kufikisha wastani wa milioni 20 kwa mwaka.

Swali: Kaka, mwaka 2024 tu walimsajili miaka mitatu kwa milioni 37.75. Mkataba haujafika hata nusu, wanaongeza mwingine. Haraka ya nini? (Msomaji, Philadelphia)

Jibu: Bei ni kubwa, tusidanganyane. Ila mkataba wa NFL, ligi kuu ya mchezo huu, usomwe kama mawakala wanavyousoma: achana na jumla, tafuta pesa ya uhakika. Klabu inaweza kumwacha mchezaji mkataba ukiwa bado unaendelea, na fungu lisilo na uhakika likafa palepale. Kwa Barkley, ya uhakika ni milioni 36. Hiyo ndiyo Eagles hawawezi kuikwepa.

Na alichowapa kila mtu alikiona. Yadi 2,005 katika mechi 16 za msimu wa kawaida wa 2024; ukijumlisha za mchujo ni 2,504, na hakuna mtu aliyewahi kufika huko. Mechi ya Januari 2025 dhidi ya Rams theluji ilikuwa inamwagika, mistari ya uwanja haionekani, mabeki wanateleza, yeye akafunga tachidauni (kuufikisha mpira mwisho wa uwanja wa wapinzani) ya yadi 62, kisha robo ya nne nyingine ya yadi 78. Siku hiyo alikimbia yadi 205. Wiki iliyofuata, dhidi ya Commanders, mpira wa kwanza kabisa wa Eagles alikabidhiwa yeye akaenda nao yadi 60 mpaka mwisho. Tarehe 9 Februari, siku aliyotimiza miaka 28, akabeba ubingwa: Eagles 40, Chiefs 22.

Sasa shida iko hapa. Kuyafanya hayo yote alikabidhiwa mpira mara 436, na karibu kila mara inaishia kwa kubamizwa chini. Eagles wenyewe walishaungua. Mwaka 2014 DeMarco Murray alikabidhiwa mpira mara 392 akiwa Dallas Cowboys, akapata yadi 1,845. Eagles wakamnyakua mwaka uliofuata kwa miaka mitano, milioni 42. Alipata yadi 702, na baada ya msimu huo mmoja wakampeleka Titans. Kwa hiyo nasema hivi: sehemu ya milioni hizi ni shukrani kwa kazi iliyokwisha kufanyika. Klabu bingwa inaweza kumudu shukrani. Anayezihesabu kuwa malipo ya yadi 2,000 nyingine atasubiri sana.

Swali: Sisi wa Cowboys mlitucheka kwa mkataba wa mkimbiaji wetu Ezekiel Elliott. Mbona na ninyi mnafanya yale yale? (Msomaji, Fort Worth, Texas)

Jibu: Ninyi mlijifunga miaka sita, bwana! Mwaka 2019 Elliott alipewa mkataba wa milioni 90, milioni 50 zikiwa za uhakika. Msimu huo alikimbia yadi 1,357. Iliyofuata ikawa 979, 1,002, 876, na Machi 2023 akaachwa. Halafu pigeni hesabu ya uzito wa mshahara. Mwaka 2019 kila timu iliruhusiwa kutumia milioni 188.2 kwa mishahara, na wastani wa Elliott ulikuwa milioni 15, yaani asilimia 8. Mwaka 2025 ukomo huo ulikuwa milioni 279.2. Milioni 20.6 za Barkley ni kama asilimia 7.4. Rekodi ya bei imevunjwa, lakini mzigo kwa timu ni mwepesi kuliko wenu.

Mngeweza kunibana kwenye umri. Elliott alisaini akiwa na miaka 24, Barkley 28. Kabla hujaniandikia tena, mkumbuke Derrick Henry, mkimbiaji wa Ravens: msimu wa 2024, akiwa na miaka 30, alipata yadi 1,921. Lakini mkataba wake ulikuwa milioni 16 kwa miaka miwili, na hilo, nakiri, linaiumiza hoja yangu kuliko swali lako.

Swali: Huku kwetu tajiri akimtaka mchezaji anatoa pesa mambo yanaisha. Mnahesabu asilimia za nini? (Msomaji, Dar es Salaam)

Jibu: Kwa sababu ya huo ukomo. Tajiri hata awe na visima vya mafuta, timu yake haivuki. Kila dola anayopewa mmoja inatoka kwenye fungu la wenzake, na kwotabeki (mrusha mpira na kiongozi wa mashambulizi) Jalen Hurts peke yake ana wastani wa milioni 51 kwa mwaka.

Swali: Basi wamemlipa Barkley wakawaacha Milton Williams na Josh Sweat waondoke. Ulinzi uliotupa kombe unabomolewa! (Msomaji, Columbus, Ohio)

Jibu: Uchungu wako naujua, fainali Sweat na Williams walimsumbua Patrick Mahomes, kwotabeki wa Chiefs, usiku mzima. Ila Williams amekwenda Patriots kwa milioni 104 za miaka minne, milioni 26 kwa mwaka. Pesa ya Barkley isingetosha kumbakiza hata yeye mmoja. Sweat ndiye ningemng'ang'ania; Cardinals wamempata kwa milioni 76.4, miaka minne, na pengo lake litaonekana mapema.

Swali: Mimi ni Giants wa kufa, timu aliyotoka Barkley. Tungembakiza, si leo tungekuwa na yadi 2,000 hizo? (Msomaji, New Jersey)

Jibu: Pole, lakini hapana. Msimu wake wa mwisho kwenu, 2023, alipata yadi 962, wastani wa 3.9 kila alipokabidhiwa mpira. Philadelphia wastani ukawa 5.8. Miguu ni ile ile. Huku waliomfungulia njia ni akina Jordan Mailata na Lane Johnson, wazuiaji wa mstari wa mbele. Kwenu alikuwa anakutana na beki kabla hajaushika mpira vizuri.