Nafasi kushikwa si tiketi kukatwa

SWALI: Ofisi yangu ya kazi imenitumia msimbo wa herufi sita, ikasema tiketi ya Nairobi nitaichukua uwanjani Dar es Salaam. Inatosha?

JIBU: Haitoshi, ndugu msomaji. Msimbo huo unaonyesha nafasi imeshikwa tu. Isipolipiwa kwa wakati, mfumo huifuta bila kukungoja. Iombe ofisi namba ya tiketi yenyewe: tarakimu 13, tatu za mwanzo zikiwa za shirika, mfano 706 ni Kenya Airways. Kama haipo, fika dirisha la tiketi saa 3 kabla ya ndege kuruka, ukiwa na pesa za kutosha, maana nauli ya dakika za mwisho huuma. Linganisha jina na pasipoti herufi kwa herufi kabla hujalipa. Risiti ya jina la kampuni idai palepale; mhasibu hapokei maelezo ya mdomo.