Filla ikiziba mshipa: toa hiyo barafu kwanza

Dada, umesema mdogo wako kachomwa filla ya mdomo, ile sindano ya kujaza midomo, jana jioni, upande mmoja umekuwa wa kijivu na unamuuma, na aliyemchoma anasema ni damu tu imevilia, akandwe na barafu. Mwaka juzi mimi niliambiwa hivyo hivyo. Toa hiyo barafu sasa hivi. Barafu inabana mishipa, na wake huenda umeshaziba.

Yangu ilikuwa kwenye ule mkunjo unaotoka puani kushuka pembeni mwa mdomo. Sindano ilipoingia nilisikia maumivu yakipanda mpaka kwenye bawa la pua, mbali kabisa na alipokuwa anachoma. Nikaambiwa nivumilie. Usiku shavu likatoka mabaka kama matundu ya chandarua. Kwa weusi wetu huu mabaka hayaji meupe au mekundu kama ya kwenye picha za Wazungu, yanakuja rangi ya majivu, ndiyo maana watu wanadhani ni damu imevilia. Asubuhi rafiki yangu nesi akanipigia video: bonyeza kwa kidole, achia, hesabu. Upande usioumia rangi ilirudi kabla sijamaliza kutamka mbili. Upande ulioumia nilifika sita. Mdogo wako mgeuze mdomo ubonyeze kwa ndani, pale rangi haidanganyi.

Filla nyingi za midomo ni jeli ya asidi ya hayaluroniki, na ina dawa yake ya kuiyeyusha, hayaluronidezi. Daktari wa ngozi alinichoma uniti 1,000, tena si pale palipopita sindano tu, bali eneo lote lililobadilika rangi. Akasugua, akaweka taulo ya uvuguvugu, akanipa aspirini. Baada ya saa moja akabonyeza. Bado. Akarudia. Raundi ya tatu ndipo rangi ikarudi. Inauma, sikufichi. Kinachonikera mpaka leo ni kwamba yule aliyenichoma hakuwa na hata kichupa kimoja cha dawa hiyo. Anauza moto, ndoo ya maji hana!

Siku ya nne nikatoka vipele vya usaha kwenye bawa la pua, ukiviona ungesema ni malengelenge ya homa. Ndiyo gharama ya usiku mzima niliolala na barafu. Kakovu kake ninako.

Mpigie aliyemchoma, ugomvi utakuja baadaye, akutumie picha ya boksi la filla. Zile za kalsiamu haziyeyuki kwa dawa hii, daktari lazima ajue. Mwambieni pia kama mdogo wako ana mzio wa kuumwa na nyuki, maana sumu ya nyuki ina kimeng'enya cha jamii hiyo hiyo.

Na jicho likianza kuona giza au likauma ghafla, achaneni na kliniki za urembo. Nendeni hospitali yenye daktari wa macho, dakika hiyo hiyo. Retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaoona, ikikosa damu haingoji hata saa mbili.

Kabonyeze sasa. Ukipita tatu, usirudi kuandika hapa kwanza, tokeni. Kuhusu gharama tutaongea mkiwa njiani.