Folda ya ofisi haifunguki? Anza na namba, nenosiri baadaye
Wadogo zangu mnaoanza ufundi wa kompyuta, simu hii mtaipokea sana: “Fundi, folda ya ofisi haifunguki, na intaneti ipo.” Ofisi nyingi ndogo hazina seva. Zina ruta ya nyumbani, na kompyuta ya mhasibu ndiyo imebeba mafaili ya wote. Usikimbilie kubadilisha nenosiri. Intaneti kuwepo hakuna maana kwamba kompyuta mbili zinaonana.

Kwenye kila mashine fungua Command Prompt, andika ipconfig, soma namba ya IP, yaani anwani ya mashine kwenye mtandao. Moja ikiwa 192.168.1.20 na nyingine 192.168.0.15, mchawi karibu kila mara ni ruta ya pili. Mtu aliinunua ili Wi-Fi ifike chumba cha nyuma, akachomeka waya kwenye tundu la WAN, lile la kuingizia intaneti, nayo ikaanzisha mtandao wake. Dalili zake zinachanganya: aliye nyuma ya ruta ya pili anaweza kufungua folda ya upande wa kwanza akiandika namba, lakini wa upande wa kwanza hamfikii. Hapo wengi huanza kulaumu Windows. Dawa yake: ipe ruta ya pili anwani isiyogongana na ya kwanza, zima DHCP yake (huduma inayogawia mashine namba), ndipo uhamishie waya kwenye tundu la LAN, la mtandao wa ndani. Ukitanguliza waya, ruta zote mbili zitagawa namba, na utapigiwa na ofisi nzima.

Ukiona namba inaanza na 169.254, achana na folda. Mashine hiyo haijapata namba kutoka kwenye ruta. Namba zikishabihiana na bado kimya, uliza ameunga Wi-Fi ipi, kwa sababu ile ya wageni kwa kawaida huwatenga watu makusudi.

Sasa, kwenye File Explorer, andika namba ya mashine ya mhasibu, tuseme \\192.168.1.20, badala ya jina lake. Ikifunguka, kinachosumbua ni jina tu. Itengee mashine ya mhasibu namba ya kudumu kwenye ruta. Ping, amri ya kuuliza kama mashine inajibu, isikudanganye, fayawoli (ukuta wa ulinzi wa mtandao) huweza kuikataa huku folda zinapita. Pima porti 445, mlango wa kushea mafaili, kwa amri ya PowerShell iitwayo Test-NetConnection. Ikigoma, tazama kama Windows imeuhesabu mtandao huo kuwa wa umma. Uweke kuwa wa binafsi.

Ruhusa ziko sehemu mbili, za kushea na za folda yenyewe, na iliyo kali zaidi ndiyo inayoshinda.

Skana kuukuu inayotaka SMB1, toleo la zamani la njia ya Windows ya kushea mafaili, itawashawishi muiwashe SMB1 hiyo. Msiiwashe. WannaCry, programu hasidi ya Mei 2017 iliyofunga mafaili ya watu na kudai pesa, ilipita humo humo. Tafuteni njia nyingine, hata barua pepe.

Bosi naye atataka folda hiyo akiwa nyumbani, na atasikia kwamba unaweza “kufungua porti” kwenye ruta. Usiifungue 445 kwa intaneti, hata akinuna. Tena ruta ikiwa imepewa na kampuni ya intaneti anwani ya kuanzia 100.64 hadi 100.127, kufungua huko hakutamfikisha popote. Mwekee VPN, njia ya siri ya kuingia mtandao wa ofisi kupitia intaneti, na kabla ya kuianza hakikisha mtandao wa kwake hautumii 192.168.1 kama wa ofisini.